Cheka, Lakini Kwanza Nieleze

Mwaka jana niliandika makala ya Kiingereza kuhusu AFC Leopards, ile Ingwe ambayo wazee wa hapa Kakamega hawachoki kuisimulia. Ilitwaa ubingwa wa klabu za Afrika Mashariki na Kati mwaka 1982, ikarudia 1983, halafu tena 1984. Mara tatu mfululizo! Nikaandika kwamba timu ilikuwa "on a role".

Mhariri hakunipigia simu. Alipiga skrinishoti, akaitupa kwenye grupu ya WhatsApp ya waandishi: "Ndiyo maana aliacha chuo." Watu wakacheka wee. Makala haikutoka, na shilingi 3,000 nilizokuwa nimezipangia kodi ya nyumba zikayeyuka.

Sawa, nilikosea. Sitetei kosa. Inaandikwa "on a roll", na anayelipwa kuandika anafaa kujua. Lakini kati ya wote waliocheka, nani alinieleza kwa nini? Hakuna hata mmoja.

Ilibidi nijitafutie. "Roll" ni kuviringika. Kumbuka lile tairi kuukuu tulilosukuma kwa kijiti tukiwa watoto: mwanzo unahangaika nalo, likishashika kasi ni wewe unalikimbiza. Ingwe ya 1984 ndiyo hiyo. "Role" nayo ni nafasi ya mwigizaji katika mchezo. Sikioni yanafanana kabisa, lakini ukishaiona picha ya tairi, hukosei tena. Kulieleza hilo kunachukua sekunde kumi.

Tena kuna jambo ambalo sidhani wale wachekaji walilijua: maneno haya mawili ni ndugu. Zamani mwigizaji aliandikiwa maneno yake kwenye karatasi iliyoviringishwa, na Wafaransa wakaiita nafasi yake kwa jina la karatasi hiyo. Kumbe nilichanganya mtu na ndugu yake.

Wasee, tuache huu ugonjwa. Mhariri huyohuyo akiboronga Kiswahili husema, "Aah, Kiswahili ni kigumu," nasi tunacheka naye. Mimi nikikosea herufi moja ya Kiingereza, mnanicheka mimi, na chuo nilichoacha kwa kukosa karo kinageuzwa ushahidi.

Kosa la herufi hurekebishwa kwa dakika moja. Mimi baada ya ile skrinishoti sikuandika chochote kwa miezi minne.

Ukiona kosa langu hapa, nijie inbox, unieleze. Kisha tucheke pamoja.