Nafasi Tupu Ndiyo Kinga

Shule inapotengeneza tangi la samaki wa baharini, sifa zote hupewa pampu, na nafasi tupu katika tangi la chini husahauliwa. Hilo ni kosa.

Maji hushuka kutoka tangi la juu kwa uzito wake yenyewe, na pampu huyarudisha. Umeme ukikatika, pampu husimama, lakini maji huendelea kushuka, hata kupitia bomba lile lile lililokuwa likiyapandisha, mpaka hewa iingie ndani yake. Tangi lenye urefu wa sentimita 120 na upana wa sentimita 50 likipungua kina kwa sentimita 3 tu, lita 18 hushuka. Zikikosa nafasi, maji ya chumvi, yapitishayo umeme kwa urahisi, humwagika sakafuni.

Vali ya kuzuia maji yasirudi haitoshi, maana chumvi na viumbe vidogo huweza kuizuia isifunge. Afadhali bomba la kupandishia litobolewe tundu dogo chini kidogo ya uso wa maji, ili liingize hewa mapema. Nalo lisafishwe mara kwa mara. Kisha, kabla samaki hawajatiwa, pampu izimwe makusudi mbele ya wanafunzi, na maji yaliyoshuka yapimwe. Tangi lisilofaulu jaribio hilo halistahili kutiwa samaki.