Kosa la kalamu lisahihishwe pale lilipoandikwa

SIFA zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ambaye hata waliompinga walimjua kwa jina la Mwaminifu, pamoja na aali zake na masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo, ndugu msomaji, leo tuzungumzie jambo ambalo wengi wetu hulinung'unikia barazani baada ya swala kisha tukaliacha hapo hapo, nalo ni uzembe wa kunukuu maneno ya watu magazetini. Nayaandika haya ndani ya gazeti, nikijua kwamba nasaha humstahiki kwanza aliye karibu.

Miaka michache iliyopita nilitoa darsa la mirathi hapa Lemara, Arusha. Kama ilivyo desturi ya wasomeshaji, nilianza kwa kuitaja hoja niliyokusudia kuivunja. Nilisema wapo wanaodai kwamba mjane akimaliza eda hana lake katika nyumba ya marehemu, na kwamba hana budi kufungasha nguo zake na kurudi kwao. Kisha nikaeleza kwa zaidi ya nusu saa kwamba dai hilo ni dhulma. Mke ana fungu lililotajwa katika Suratun Nisaa: thumni ikiwa marehemu ameacha watoto, na robo ikiwa hakuacha, baada ya kulipwa madeni na kutekelezwa wasia. Mwandishi wa habari aliyekuwapo aliondoka mapema. Siku ya tatu gazeti likatoka na habari kwamba sheikh wa Lemara amesema mjane hana haki katika nyumba ya mumewe.

Jina langu lilikosewa, na Lemara ikaandikwa "Lemala". Hayo niliyasamehe kabla sijamaliza kusoma. Lakini wiki ya pili alinijia mama mmoja, mjane mwenye watoto wawili wa kiume. Shemeji zake walikuwa wamempelekea kipande kile cha gazeti na kumwambia: "Hata sheikh amesema." Kisharia shemeji hao hawakuwa na fungu lolote, kwa kuwa marehemu aliacha watoto wa kiume. Ilinibidi kukaa vikao vitatu na wazee wa familia ile ili kuyarudisha maneno yangu mahali pake. Gazeti nalo lilisahihisha: mistari miwili, ukurasa wa ndani, chini ya tangazo la mnada. Shemeji wale hawakuiona.

Wala makosa ya namna hii hayawapati wanyonge peke yao. Agosti 2021 gazeti la Uhuru, linalomilikiwa na Chama Cha Mapinduzi, liliandika katika ukurasa wake wa mbele kwamba Rais Samia Suluhu Hassan hana wazo la kuwania urais mwaka 2025. Hakuwa ametamka hivyo, na mwaka 2025 aligombea. Chama kiliwasimamisha kazi viongozi wa gazeti hilo, na Serikali ikalifungia kwa siku 14. Ikiwa gazeti la chama liliweza kumkosea mwenyekiti wa chama hicho hicho, ni nani atakayeyalinda maneno yanayomhusu mjane wa Lemara? Kosa la kwanza nchi nzima ililijua siku ile ile. La pili lilizikwa chini ya tangazo la mnada.

Allah (S.W.) ametuamrisha katika Suratul Hujurat, aya ya 6, tuichunguze habari kabla ya kuifanyia kazi, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua, kisha tukajuta. Tazama, ndugu yangu, aya hiyo inaangalia madhara yatakayomfika mtu, ijapokuwa aliyedhuru hakukusudia.

Wanazuoni wa Hadithi waliijenga elimu yao juu ya msingi huo. Makosa ya kusoma au kuandika herufi waliyaita tas-hifu, wakayatungia vitabu. Imam Ibnus Salah, aliyefariki mwaka 643 Hijria, ametaja mfano wa Abdullah bin Lahi'a, aliyekuwa kadhi wa Misri. Hadithi ilisema Mtume (S.A.W.) alijitengea sehemu msikitini (ihtajara), yeye akaipokea kuwa aliumikwa msikitini (ihtajama). Herufi moja tu! Sababu ni kwamba aliichukua kutoka katika maandishi bila ya kuisikia kwa mwalimu. Wanazuoni hawakulificha kosa hilo. Waliliandika pamoja na usahihi wake, mahali pamoja, na hadi leo mwanafunzi akilisoma kosa hulisoma na sahihisho lake.

Hilo ndilo tunaloliomba. Kulifungia gazeti humnyamazisha aliyekosea, lakini hakumfikishii ukweli aliyepotoshwa. Katika Suratul Baqarah, aya ya 160, toba ya walioficha haki imefungamanishwa na kutengeneza walichoharibu na kubainisha. Basi habari iliyokosewa ukurasa wa mbele isahihishwe ukurasa wa mbele, kwa herufi za ukubwa ule ule. Mwandishi naye asubiri mpaka mzungumzaji amalize, na akiwa na shaka ampigie simu amsomee alichoandika kabla hakijachapwa. Aliyekosewa asiishie kunung'unika: aliandikie gazeti, na akipuuzwa apeleke malalamiko Baraza la Habari Tanzania, lililoundwa mwaka 1995, ambalo husuluhisha mambo ya namna hii.

Na sisi wenye kupanda mimbari tusijitoe. Ni mara ngapi tumesoma Hadithi iliyotujia katika simu, bila ya kujua aliyeipokea wala kitabu ilimotoka? Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba kusimulia kila unalolisikia kunatosha kumtia mtu katika uongo. Anayemnukuu sheikh kimakosa amemkosea mja. Anayemnukuu Mtume kimakosa ana jambo zito zaidi la kujibu. Akitambua kosa lake, basi alitaje Ijumaa inayofuata, juu ya mimbari ile ile.

Tunamwomba Allah azihifadhi ndimi zetu na kalamu zetu, na atujaalie ujasiri wa kusema: nilikosea.

Wabillahi tawfiq.