Wasifu wa Ciurunji Hauandikiki: Dhidi ya Mihadhara ya Mashujaa wa Kike Meru na Embu

Mhadhara wa hadhara juu ya maisha ya wanawake mashuhuri wa kale umekwisha kuwa utanzu. Una fomula zake kama ngano ilivyo na zake. Hufunguliwa kwa lalamiko kwamba historia imewasahau wanawake, hupitia kwa Jeanne d'Arc wa Ufaransa na Njinga wa Ndongo, huteremka hadi kwa Mekatilili wa Menza na Wangu wa Makeri, kisha, ukifanyika katika ukumbi wa chuo au wa kanisa kwenye miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya, hutua kwa Ciokaraine wa Meru na Cierume wa Embu na Mbeere. Hadhira hupiga makofi, wanafunzi hunakili majina, na mzungumzaji huhitimisha kwa kuwataka wasichana waliohudhuria wawe kama hao waliotajwa. Ikikaribia tarehe 8 Machi, au Sikukuu ya Mashujaa mwezi Oktoba, fomula hiyo hurudiwa, na mara nyingi kwa maneno yale yale.

Makala haya yanadai kwamba utanzu huu, kwa namna unavyoendeshwa, unaidhuru fasihi simulizi ya Meru na Embu kuliko unavyowafaa wanawake unaowasifu. Suala si kama wanawake hao wanastahili kutajwa, wanastahili. Suala ni kwamba kinachotajwa si wao.

Tuanze na wakati. Mihadhara hii hupenda istilahi ya "Zama za Kati", na wasikilizaji huachwa waamini kwamba Cierume na Jeanne d'Arc waliishi chini ya jua moja. Zama za Kati ni kipimo cha Ulaya, takriban karne ya 5 hadi ya 15. Jeanne alichomwa moto Rouen mwaka 1431. Njinga alifariki mwaka 1663, yaani katika zama nyingine kabisa, baada ya kupambana na Wareno. Mekatilili aliwachochea Wagiriama dhidi ya Waingereza mwaka 1913 na 1914. Wangu alikuwa kiongozi chini ya dola la kikoloni mwanzoni mwa karne ya 20. Kuwavua wote hawa kwa juya moja na kuwaita "wa kale" ni kukiri, bila kujua, kwamba wakati wa Mwafrika hauna matabaka: kuna leo, na kuna zamani moja ndefu isiyo na miaka. Hegel hakusema zaidi ya hayo.

Anayetaka mwanamke wa Afrika Mashariki ambaye masimulizi yenyewe yanamweka katika karne hizo anaye Mwana Mkisi, malkia ambaye mapokeo ya Mombasa yanamtaja kuwa mwasisi wa mji, kabla ya Shehe Mvita na kabla ya nasaba za Kiislamu zilizomfuata. Hata huyu, tunachokijua ni jina lake na nafasi yake katika mpangilio wa masimulizi: yeye ni mwanzo, na baada yake linakuja jina la mwanamume na dini mpya. Hatuna siku ya kuzaliwa kwake, wala neno alilolisema. Yeye ni kauli ya mji juu ya asili yake. Mhakiki anayemtendea kama mtu mwenye wasifu hamtukuzi. Anaifuta maana ya kuwapo kwake.

Bara, hali ni ngumu zaidi, na ndiyo maana inavutia zaidi. Mapokeo ya Wameru yanaeleza juu ya Mbwaa, nchi ya utumwani kando ya maji, walikoteswa na Nguo Ntuune, watu wa nguo nyekundu, mpaka Koomenjwe alipowaongoza kuvuka. Jeffrey Fadiman ni miongoni mwa wanahistoria walioitafuta Mbwaa katika pwani ya kaskazini, huko Manda. Masimulizi hayo yamehifadhi kwa uangalifu mkubwa nani alivuka usiku, nani alfajiri na nani mchana, kwa kuwa hapo ndipo makundi ya koo yanapopata rangi zao: weusi, wekundu na weupe. Wanawake walivuka pia, lau sivyo Meru isingekuwapo. Lakini simulizi haikuwapa majina. Ukimya huo ni ushahidi, nao unastahili mhadhara mzima: nani alikuwa akisimulia, mbele ya nani, na kwa madai gani ya ardhi na heshima? Badala yake, ukimya huzibwa haraka kwa jina lolote la kike linalopatikana, hata likiwa la juzi.

Embu ndiko kuna jina, nalo ni Ciurunji. Kisasili cha asili ya Waembu kinasema kwamba Mwenendega alipewa na Mungu mke mzuri kando ya maporomoko ya Mbui Njeru, na kwamba jina la mwanamke huyo linatokana na maji hayo. Walibarikiwa mali, na wazao wao wakaijaza nchi. Mtu angetazamia kwamba mihadhara juu ya wanawake wa kale ingeanzia hapo. Haianzii hapo, na sababu yake inaeleweka: Ciurunji hana tendo. Hakupigana, hakutawala, hakuhukumu. Hawezi kuwekwa kwenye bango. Ni mwanamke ambaye ni mahali, maji yaliyopata jina na jina lililopata ukoo, na wasifu wake hauandikiki kwa sababu hakuwekwa duniani ili awe na wasifu. Hata hivyo yeye ndiye aliyebeba uzito mkubwa kuliko wote katika fikra za Waembu. Mhadhara unaompita ili umfikie Cierume upesi umekwisha chagua aina ya ukuu inayokubalika, na aina hiyo ni ya kiume: silaha, cheo na amri.

Naye Cierume anatendewaje? Anasimuliwa kuwa alikwenda vitani na fimbo badala ya upanga. Mzungumzaji wa kawaida husema hivyo kama anayesoma taarifa ya polisi, kisha huendelea. Lakini fimbo hiyo ndiyo simulizi yenyewe! Kwa nini fimbo? Ni fimbo ya mchezaji ngoma, ya mzee, au ya mchungaji? Je, simulizi inampa mwanamke ushindi kwa sharti kwamba asiushike upanga, ambao ni wa wanaume, au inaudhihaki upanga wenyewe? Na jina lake: linaanza na kiambishi kile kile kinachofungua majina ya Ciurunji na Ciokaraine na mengine mengi ya kike ya nchi hiyo, kisha linabeba shina -rume, ndugu wa -ume ya Kiswahili. Mhakiki hana budi kuuliza kama jina lilimtangulia mtu au simulizi ndiyo iliyomvisha mtu jina. Maswali ya namna hii ndiyo kazi ya idara ya fasihi. Yakiachwa, hakuna sababu ya idara hiyo kuandaa mhadhara. Ofisi ya mahusiano mema inatosha.

Watetezi wa mihadhara hii wana jibu, nalo si la kubezwa. Husema kwamba msichana wa Tharaka au wa Siakago hahitaji nadharia ya visasili, anahitaji kielelezo. Na kwamba mhadhara wenye dosari ni bora kuliko kimya. Hoja hiyo ingekuwa na mashiko kama hatari ingekuwa kimya tu. Ila msichana huyo ana nyanya, na nyanya huyo yamkini anaijua simulizi kwa namna isiyolingana na ile ya ukumbini: fupi zaidi, au yenye wimbo, au yenye aibu ndani yake. Anaporudi nyumbani na toleo la chuo, lililonyooshwa na kutiwa tarehe, ni toleo gani litakalokufa? Bango lina muhuri wa chuo. Nyanya hana muhuri.

Inafaa hapa kukumbuka kwamba utanzu wa maisha ya wanawake mashuhuri haukuzaliwa jana, wala haukuwa na nia njema sikuzote. Boccaccio aliandika kitabu chake cha Kilatini juu ya wanawake mashuhuri katika miaka ya 1360, akiwasifu kwa kiasi walivyoishinda hulka aliyodhani kuwa ya kike. Mwaka 1405 Christine de Pizan, mjane aliyeishi kwa kalamu yake, aliyachukua mengi ya maisha hayo hayo na kuyajengea mji, akibadilisha sababu za sifa. Alielewa kwamba orodha ya wanawake wakuu ni silaha, na kwamba swali la kwanza ni nani aliyeipanga. Karne tano baadaye Eileen Power, mwanahistoria wa Uingereza aliyeyazungumza mambo ya Zama za Kati mbele ya watu wa kawaida kwa ufasaha wa pekee, aliandika Medieval People (1924), na humo hakuwatafuta malkia. Alimchukua mkuu wa nyumba ya watawa na mke kijana wa tajiri wa Paris aliyeandikiwa na mumewe namna ya kutunza nyumba. Ajabu ni kwamba mihadhara yetu, inayodai kuukataa Uzungu, imeshika njia ya Boccaccio na kuiacha ya Power.

Tena hata yule Jeanne anayefungua kila mhadhara ni funzo lisilosomwa. Kumbukumbu za kesi yake zipo, na ndani yake majibu yake yapo; lakini aliyasema kwa Kifaransa, yakaandikwa na makarani wa mahakama iliyomtaka afe, kisha yakatiwa katika Kilatini. Wanazuoni wa Ulaya hawathubutu kumnukuu bila kutaja mikono hiyo. Kwetu, Cierume hunukuliwa kana kwamba hakuna mkono uliopita kati yake na mzungumzaji. Mikono ipo: wasimulizi, ambao katika vitabu vya vita na uhamiaji wa Wameru ni wazee wa kiume kwa sehemu kubwa, watafiti wa miaka ya 1960 na 1970 waliowahoji, na waandishi waliofuata. Rebeka Njau na Gideon Mulaki, ambao kitabu chao cha mwaka 1984 kimechangia sana kuyaeneza masimulizi ya aina hii, walikiita Kenya Women Heroes and Their Mystical Power. Mihadhara imechukua nusu ya kwanza ya jina hilo na kuitupa nusu ya pili. Nguvu za ajabu zinaona haya mbele ya mkuu wa chuo. Ushujaa unabaki, umeoshwa, hauna mizimu wala viapo.

Kuna jambo moja linaloudhihirisha unafiki wa utanzu huu kuliko yote. Mwezi Aprili mwaka 1956, wakati wa Hali ya Hatari, baraza la Njuri Ncheke la Meru lilipiga marufuku ukeketaji wa wasichana. Wasichana wakajibu kwa kukatana wenyewe kwa nyembe. Wakaitwa Ngaitana, yaani "nitajitahiri mwenyewe". Katika miaka mitatu iliyofuata, kwa mujibu wa utafiti wa Lynn Thomas, watu zaidi ya 2,400, wasichana, wanaume na wanawake, walishtakiwa kwa kuivunja amri hiyo. Huu ndio uasi mkubwa wa wanawake ulioandikwa katika historia ya Meru. Uliwapinga wazee, wamisionari na serikali kwa pamoja. Una majalada ya mahakama, una tarehe, una kila kitu ambacho mzungumzaji hulalamika kwamba hana kuhusu Cierume.

Nao hautajwi ukumbini. Sababu inajulikana: ushujaa wao ulitetea kitu ambacho sheria ya Kenya ya mwaka 2011 inakiharamisha, na ambacho wengi wa waliomo ukumbini wanakichukia, kwa haki. Hapa hapadaiwi kwamba wasichana wa 1956 walikuwa sahihi. Walijiumiza, na baadhi ya madhara hayo hayakupona. Kinachodaiwa ni kwamba utanzu unaoweza kuubeba ujasiri pale tu unapokubaliana na msimamo wa waandaaji hauwezi kuitwa uchunguzi wa maisha ya wanawake. Cierume anapendwa kwa sababu amekaa kimya. Lolote tutakalomvisha atalivaa. Wasichana wa Ngaitana wangejibu.

Katika hilo kuna tofauti ambayo idara za fasihi za Chuka, Meru na Embu zingefanya vyema kuitafakari kabla ya kuchapisha bango jingine. Malkia wa mapokeo ya Mombasa hawezi kuhojiwa. Ciurunji hawezi kuhojiwa. Anaweza tu kusimuliwa, na kwa Kiembu zaidi kuliko kwa Kiingereza cha slaidi, na kwa matoleo yanayogombana badala ya moja lililopatanishwa. Bali msichana aliyekuwa na umri wa miaka 14 mwaka 1956 alizaliwa mwaka 1942. Wengi wa rika lake wamekwisha kufa. Waliosalia ni vikongwe wa zaidi ya miaka 80 katika Igembe, Tigania, Imenti na Tharaka, wengine umbali wa nauli moja ya matatu kutoka kwenye kumbi hizo, na hakuna kadi ya mwaliko iliyowahi kuandikwa kwa majina yao.