Zabibu Zilipwe kwa Rangi, Si kwa Uzani Tu

Wako wakulima wa skimu zetu wanaoulizia vipandikizi vya mizabibu, na swali lao la kwanza ni hili: mti mmoja utatoa kilo ngapi? Swali hilo si baya. Lakini ikiwa zabibu hizo zitakamuliwa maji ya kunywa, naona linaanzia mahali pasipofaa.

Menya zabibu nyeusi uone: aghalabu nyama yake ni nyeupe. Rangi imo gandani. Katika ganda na kokwa ndimo mlimo vile vitu viitwavyo antioksidanti, ambavyo wanunuzi wa mijini huviulizia siku hizi. Na kimoja chao, antosianini, ndicho rangi yenyewe ya zambarau. Sisemi kwamba maji hayo ni dawa. Yana sukari nyingi, na mtu asiache kwenda hospitali kwa sababu ya chupa. Lakini ndiyo sifa inayouzwa.

Sasa mkulima alipwaye kwa uzani tu atafanya nini? Atatia mbolea ya naitrojeni kwa wingi, atamwagilia mpaka siku ya kuvuna, na hataondoa hata kishada kimoja. Punje zitavimba maji, ganda likawa kidogo, na majani yatakuwa msitu. Uzani utapanda na rangi itafifia. Simlaumu, mizani ndiyo iliyomfundisha.

Jirani yake apunguzaye vishada, akaondoa majani machache upande wa jua la asubuhi, na akapunguza maji zabibu zianzapo kugeuka rangi, atavuna punje ndogo zenye rangi nzito. (Asivue majani yote, kwani jua kali huunguza ganda, na joto likizidi rangi haifanyiki vizuri.) Huko Dodoma, Tanzania, ambako mizabibu huzaa mara mbili kwa mwaka, ukavu wa nchi humsaidia mkulima. Skimu zilizo penye mvua nyingi zitapigana na ukungu kwanza. Je, ni haki mtu huyu alipwe pungufu?

Zabibu ikishakatwa haiivi tena kama ndizi. Yapasa ivunwe asubuhi, ikae kivulini katika makreti yasiyo na kina, na isicheleweshwe njiani. Punje iliyopasuka huingiwa na hewa, na rangi yake hugeuka kahawia.

Kiwanda nacho kina sehemu yake. Mwaka 1869, Thomas Welch, daktari wa meno wa New Jersey, Marekani, alichemsha chupa za maji ya zabibu ili yasichache. Siku hizi viwanda vya zabibu za Concord huko Marekani hupasha moto zabibu zilizopondwa, pamoja na maganda yake, kufikia kama digrii 60 za Sentigredi, ndipo vikamue. Joto hulegeza ganda na kutoa rangi. Akamuaye zikiwa baridi, kwa haraka, huacha mali nyingi katika makapi. Lakini joto lile lile likikaa muda mrefu huiharibu rangi, na chupa iliyowekwa juani dirishani mwa duka hufifia pia.

Basi, vyama vya ushirika vipatane na mnunuzi kabla ya shimo la kwanza kuchimbwa: bei ya uzani, na nyongeza kwa utamu na rangi. Utamu hupimwa kwa refraktometa, chombo kidogo cha mkononi. Rangi hupimwa kiwandani kwa mashine ya mwanga. Mjumbe wa wakulima awepo wakati wa kupima. Na mnunuzi asemaye kwamba hawezi kupima rangi, asiandike neno la afya katika lebo yake.