Harufu Mbaya si Moja: Wito kwa Walimu wa Kiingereza

Katika madarasa yetu ya Kiingereza kuna maneno mawili yaliyotwikwa mzigo usio kadiri yao, nayo ni "bad smell". Samaki akiharibika ni hayo, mtaro ukifurika ni hayo, chumba kilichofungwa miezi sita ni hayo hayo. Mwanafunzi akiyaandika katika insha, hutiwa alama nyekundu na kuambiwa hana msamiati. Mimi nashikilia kwamba msamiati anao, tena mwingi, ila hajaonyeshwa namna ya kuuvusha.

Hebu na tuitazame Ndia Kuu, ambayo kwa Kimvita maana yake ni njia kubwa, inayotoka karibu na Fort Jesus ikapenya Mji wa Kale wa Mombasa kuelekea Bandari ya Kale. Mtoto aliyelelewa huko hahitaji kamusi kutofautisha anachokinusa. Mkono ulioshika samaki una shombo. Kwapa lisilooshwa lina kikwapa. Kilichooza kina uvundo. Wali wa nazi uliolala umechacha. Akisema "kwanuka fee!" hakuna amwulizaye kama ni sana au kidogo. Isitoshe, lugha yake imempa kunuka na kunukia, vitenzi viwili vinavyolitenga jaa na asumini kwa sauti moja tu. Mtoto huyo akiingia katika kipindi cha Kiingereza, hutakiwa kuuacha utajiri huo wote mlangoni, na katika shule nyingine huadhibiwa akithubutu kuutamka.

Matokeo yake twayaona. Kiswahili husikia harufu, basi mwanafunzi huandika "I am hearing a bad smell", nasi twamcheka badala ya kumweleza kwamba Mwingereza husema "I can smell". Hajaambiwa pia kwamba "smell" ni kitenzi kimoja kinachofanya kazi ya vitenzi vyetu vitatu: kunuka, kunukia na kunusa. Ndipo huandika "the fish smells badly", maneno ambayo yakichukuliwa kama yalivyo humaanisha kuwa samaki huyo hana pua hodari ya kunusia! Sahihi ni "smells bad". Mwalimu akiweka vitenzi vyetu vitatu ubaoni kando ya kile kimoja cha Kiingereza, kosa hilo litaeleweka kwa muda mfupi.

Baada ya hapo na aanzie kwenye chanzo cha harufu, kama watoto wenyewe wafanyavyo. Shombo la soko la samaki ni "fishy", neno ambalo pia hutumiwa kwa jambo lenye kutiliwa shaka. Maziwa yaliyochacha ni "sour". Mafuta au siagi iliyokaa hadi ikaharibika ni "rancid". Nyama iliyooza ni "putrid". Nyumba kongwe iliyofungwa, yenye unyevu kutani na vitabu vilivyoota kuvu, ni "musty". Moshi wa takataka unaochoma pua na koo ni "acrid". Uvundo mkali wa mtaro ni "stench", na kitu kinachotoa uvundo huo husemwa "it reeks". Lakini "pungent" ni ukali tu, si lazima uwe ubaya, maana kitunguu saumu nacho kina ukali huo. Aonye vilevile kwamba kumwambia mtu "you stink" ni tusi, sawa na kumwambia ananuka.

Tena tusidhani kwamba Kiingereza ndicho mfalme wa pua. Mwaka 2014 wataalamu Asifa Majid na Niclas Burenhult walichapisha utafiti uliowalinganisha wasemaji wa Kiingereza na Wajahai, watu wa misituni katika Rasi ya Malay. Wajahai walizitaja harufu kwa wepesi ule ule waliotajia rangi, ilhali wasemaji wa Kiingereza walibabaika. Lugha ya Wajahai ina hata neno la harufu kama ya damu inayowavuta chui wakubwa wenye milia. Mvuvi wetu mwenye neno lake la shombo hana sababu ya kuona haya mbele ya yeyote.

Kwa nini nalishikilia jambo linaloonekana dogo? Kwa sababu wanafunzi hawa kesho watakuwa wauguzi, na muuguzi hutakiwa kuandika kidonda kinanuka vipi, kwani harufu huweza kuwa dalili ya maambukizo. Wengine watakuwa wakazi wa mitaa yenye mitaro mibovu. Kifungu cha 42 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi yenye afya. Barua ya malalamiko inayosema "bad smell" peke yake yaweza kutupwa kando. Ile inayosema kwamba maji ya choo yamefurika kando ya kisima na mtaa mzima "reeks of raw sewage" ni vigumu kuipuuza. Kifungu cha 7 kimezifanya Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi, hivyo barua hiyo yaweza kuandikwa kwa yoyote kati ya hizo mbili.

Nawasihi walimu wawatoe wanafunzi nje kwa kipindi kimoja, wanuse, wataje kwa Kiswahili kwanza, kisha watafute neno la Kiingereza. Nanyi wanafunzi, mwalimu akiwauliza harufu hiyo ni ya namna gani, msijibu "bad" kabla hamjajiuliza imetoka wapi.