Michezo ya video: Katika Counter-Strike, anayejua ramani anamzidi mwenye shabaha

Kijana ananunua kipanya kipya, anapitisha juma nzima akifyatua risasi kwa roboti, kisha siku ya posho anaingia kwenye mechi ya Counter-Strike 2. Raundi ya kwanza anakufa mbele hata ya kumuona aliyemuua. Raundi ya pili, vilevile. Anasema mtandao ni mbovu. Pengine ni kweli. Lakini mara nyingi sababu ni ingine: alisimama mahali ambapo kila anayeujua uwanja anatazama kwanza.

Wachezaji wengi wa mashariki mwa RDC hawapendi kusikia neno hilo. Wanahesabu ubora wa mashine, mwendo wa intaneti na wepesi wa mkono, lakini ramani wanaiacha ijifunze yenyewe. Ni kosa, tena ni kosa la bei kubwa, kwa sababu ramani ndiyo sehemu pekee ya mchezo huu ambayo kijana wa Goma, Bukavu ao Beni anaweza kuijua sawasawa na mchezaji wa Ulaya bila kulipa zaidi.

Kanuni za mchezo zinaonyesha hivyo. Counter-Strike ilianza mwaka wa 1999, wakati Minh Le na Jess Cliffe walipoubadilisha mchezo wa Half-Life. Kampuni ya Valve iliuchukua na kuutoa rasmi mwaka wa 2000. Counter-Strike 2 ilifuata mwezi wa Septemba 2023. Mechi yake inayojulikana zaidi ni ile ya bomu. Siku hizi ni watu watano kwa watano. Washambuliaji wanatafuta kutega bomu katika eneo A ao eneo B, walinzi wanawazuia. Anayekufa anangojea raundi inayofuata. Timu inayofikisha raundi 13 ndiyo inayoshinda, isipokuwa zikifungana 12 kwa 12.

Bomu likitegwa, linalipuka nyuma ya sekunde 40. Kulitegua kunaomba sekunde 10, ao sekunde 5 kwa mlinzi aliyenunua kifaa cha kulitegulia. Ni kusema, mlinzi asiye na kifaa ana sekunde 30 tu za kukimbia kutoka upande mwingine, kuwaondoa maadui na kulishika bomu. Akikosea njia moja tu, hata kama shabaha yake ni ya ajabu, atafika kwa kuchelewa. Hiyo ni hesabu ya njia, si ya bunduki.

Uwanja mmoja, maswali mengi

Mfano mzuri ni Dust II, ramani iliyochorwa na Dave Johnston na kutolewa mwaka wa 2001. Anayeiona mara ya kwanza anaona kuta za rangi ya mchanga, milango ya mbao na masanduku. Anayeijua anaona njia kuu tatu. Ya kwanza ni ndefu, inapita inje hadi eneo A. Ya pili inapita katikati; kutoka hapo mtu anaweza kupanda njia fupi kuelekea A ao kupenya milango miwili kuelekea upande wa B. Ya tatu ni mahandaki yanayotokea moja kwa moja kwenye eneo B.

Kwa kujua hayo tu, mchezaji tayari anaanza kufikiri. Kama maadui watatu wameonekana kwenye njia ndefu, wamebakia wawili; wako katikati ao kwenye mahandaki. Kama njia ya kati haina mlinzi, njia fupi na milango ya kwenda B vyote viko wazi. Mchezaji mpya anaisoma habari hiyo kama kelele. Mzoefu anaisoma kama barua.

Motari wa Goma anaelewa jambo hili bila kufundishwa. Barabara kubwa ikifungwa, yule aliyezaliwa Birere anapita kwenye vichochoro na kufika mbele ya mwenye pikipiki mpya ambaye anajua barabara moja tu. Injini haikumsaidia huyo wa pili. Alikosa mji kichwani.

Tena, ramani si kitu cha kujifunza mara moja na kumaliza. Katika Dust II, kwa miaka karibu 20, mdunguzi aliweza kusimama mahali washambuliaji wanapoanzia na kumlenga mlinzi anayekatiza nyuma ya milango ya katikati, katika sekunde za kwanza za raundi. Mwaka wa 2021 Valve iliuziba mwono huo. Aliyekuwa amekariri bila kuelewa alipoteza silaha yake. Aliyeelewa kwa nini mahali pale palikuwa na faida alitafuta mahali pengine.

Saa, nyayo na moshi

Kujua njia ni hatua ya kwanza tu. Hatua ya pili ni kujua muda wa kila njia. Ukikimbia toka raundi inapoanza, utafika kwenye kona fulani sekunde ya ngapi? Adui naye atafika lini? Wachezaji wazuri hawabahatishi. Wanajua kwamba wakati fulani kona bado iko tupu, na sekunde mbili nyuma yake ina mtu. Yule anayefika huku ameshika bomu la moshi mkononi kuliko bunduki, wakati adui naye anafika, hawezi kulaumu mtandao.

Hatua ya tatu ni masikio. Anayekimbia anasikika, anayetembea polepole hasikiki. Katika ramani ya Nuke, maeneo ya A na B hayako ubavuni mwa mwenzake: A iko juu, B iko chini yake. Nyayo zinasikika, lakini mgeni hajui kama mtu yuko juu ya kichwa chake ao chini ya miguu yake. Mwenyeji anatofautisha mlio wa chuma na ule wa saruji, kisha anageukia upande wa kweli.

Hatua ya nne ni moshi. Bomu la moshi lililotupwa ovyo linamficha adui kuliko kumzuia. Lililotupwa kutoka mahali palipojulikana, kwa kulenga alama fulani ya ukuta ao ya paa, linaanguka palepale kila mara na kuziba macho ya mdunguzi wakati timu inavuka. Katika Counter-Strike 2, guruneti ya kulipuka inaweza kufungua tundu katika moshi kwa muda mfupi. Kwa hiyo hata aliyefichwa na moshi anapaswa kujua ni wapi adui anaweza kumtazamia.

«Yuko pale!» Pale wapi?

Sehemu inayosahaulika zaidi ni majina. Sikiliza timu ya wapya ikicheza: «Yuko pale! Pale, nyuma! Kushoto!» Lakini kila mmoja ana «pale» yake kwenye skrini yake. Kushoto kwa anayetazama kaskazini ni kuume kwa anayetazama kusini. Mwenzake anauliza «wapi?», na wakati jibu linafika tayari wamekufa wawili.

Ndiyo maana kila ramani ina majina ya kudumu. Katika Inferno kuna njia inayoitwa Banana, kwa sababu imepinda kama ndizi. Neno moja linatosha: «wawili Banana», na timu nzima inajua idadi, mahali na hatari. Vijana wengi wa Kivu wanakariri majina hayo kwa Kiingereza bila kuyaelewa, kisha wanayasahau moto wa mechi ukipanda. Hakuna sheria inayowakataza kusema «Ndizi», «Handaki», «Mlango» ao «Njia Ndefu». Wachezaji wa Brazil wanatumia majina yao ya Kireno, na Brazil ilitoa timu zilizobeba kombe la Major mara mbili mwaka wa 2016. La lazima ni kwamba wote watano wapatane juu ya jina moja kwa mahali pamoja, mbele ya mechi kuanza.

Mafunzo yasiyokula mega

Hapa ndipo kijana wa mashariki anapaswa kufungua masikio. Mechi ya intaneti inaomba mtandao wa haraka, na Johannesburg, ambako Valve ina seva, iko mbali na Goma kwa zaidi ya kilomita 2500. Umbali huo hauondolewi kwa juhudi. Lakini mechi ya mazoezi na roboti inachezwa ndani ya kompyuta yenyewe. Mtu anaweza kuingia peke yake katika ramani tupu, kuitembea kona kwa kona, kuhesabu sekunde, kutupa moshi mara 50 mahali pamoja, na asilipe hata mega moja. Kazi nzito ni kuupakua mchezo, na faili zake zinaweza kunakiliwa kutoka mashine ya rafiki. Hata mwenye kompyuta ya zamani, anayecheza toleo la 1.6 kwa waya kati ya mashine mbili, ana Dust II ya kujifunzia njia zilezile kuu.

Kuna watakaosema kwamba bila shabaha ramani haina kazi. Ni kweli kwamba siku moja lazima risasi imfikie adui. Lakini anayejua kona adui anapojificha anaweka alama yake ya kulenga hapo mapema, kwa usawa wa kichwa, na anabakiza kazi ndogo kwa mkono. Shabaha nyingi zinazoshangiliwa ni ujuzi wa ramani uliovaa nguo ya haraka.

Kuna pingamizi lingine, na hilo lina uzito. Katika jimbo ambako watoto wanatambua mlio wa risasi za kweli, mzazi ana haki ya kuuliza kwa nini kijana wake anacheza mchezo wa bunduki na bomu. Mchezo huu si wa watoto, na hakuna anayepaswa kujificha nyuma ya neno «michezo» ili kumweka mtoto wa miaka 9 mbele yake. Lakini kwa kijana mkubwa aliyeuchagua, ni afadhali aingie kwa upande wa kufikiri kuliko upande wa kuua. Ramani inamfundisha kupanga, kusikiliza mwenzake na kusema wazi. Anayefyatua risasi tu hajifunzi hata moja kati ya hayo.

Mashindano makubwa yanatumia ramani saba. Katika mechi ya michezo mitatu, timu zinaondoa na kuchagua kwa zamu hadi zibakie tatu. Timu inayojua ramani moja itaona ramani hiyo ikiondolewa katika dakika ya kwanza. Kwa hiyo vijana wanaounda timu wasianze na jezi wala jina kubwa. Wakae watano, wachague ramani moja kwa mwezi huu, waitembee ikiwa tupu, waandike majina ya kona zake kwenye daftari kwa lugha wanayoielewa wote, na wapime muda wa kila njia. Mwezi ujao wachague ingine. Siku umeme na mtandao vikiwaruhusu kukutana na watu wa mbali, wataingia uwanjani kama wenyeji.