Sanduku Zito na Kidole cha Bandia

Wafanya mazingaombwe wa siku hizi hununua vyombo vyao dukani, na kila mwaka hutolewa vipya. Kimoja kijulikanacho sana ni kidole gumba cha bandia, chenye uwazi ndani wa kuficha kitambaa. Lakini mtu asiyefanya mazoezi akikivaa, humdondoka mbele ya watazamaji, nao hudhani ana ukoma!

Mimi naona chombo kipya hakimfanyi mtu kuwa fundi; maarifa ndiyo yamfanyayo. Mtazameni Robert-Houdin, Mfaransa aliyekuwa fundi wa saa. Mwaka 1856 serikali yake ilimpeleka Aljeria, ili wenyeji wadhani kuwa uganga wa Wafaransa wawashinda waganga wao. Alikuwa na sanduku dogo, jepesi. Akamwita mtu mwenye misuli, akamwambia, nimekuondolea nguvu zako. Yule bwana akavuta, akatokwa na jasho, sanduku lisitikisike. Je, nguvu zake zilikwenda wapi? Hazikwenda popote. Chini yake ilifichwa sumaku ya umeme, na kitako cha sanduku kilikuwa na chuma.

Leo mwanafunzi hujifunza siri hiyo kwa betri, waya na msumari.

Basi wanafunzi, mwonapo mazingaombwe ya mchezo, chekeni, mpige makofi. Lakini mtu akiwaambia kuwa atazidisha fedha zenu kwa uganga, msiutazame mkono anaowaonyesha. Utazameni ule mwingine. Na fedha zenu zikae mfukoni.